Ekzosi ya Kelele Haivuti Mchangani

Pikipiki inayotoka Mtwara mjini kupitia Madimba hadi Msimbati ina maadui wawili: mchanga na chumvi. Mchanga unadai injini ivute kwa nguvu huku ikizunguka taratibu. Chumvi inakula chuma. Ekzosi ndiyo inayoumizwa na vyote viwili, na ikishatoboka tumbo, vijana wengi huona ni nafuu kuikata na kufunga bomba tupu. Bomba hilo hulia kwa kishindo, na kishindo hudhaniwa kuwa ni nguvu. Kwa njia hizi za Ghuba ya Mnazi, dhana hiyo inamgharimu dereva mafuta, klachi na valvu.

Tuanze na kutu yenyewe, kwa sababu haitoki baharini peke yake. Petroli ikiungua hutoa maji: lita moja ya mafuta huzaa karibu lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Safari zikiwa fupifupi, za kumtoa abiria sokoni na kumshusha mtaa wa pili, bomba halipati moto wa kutosha. Mvuke hupoa, maji hutuama tumboni, na chuma huanza kuoza kwa ndani. Kwa nje, upepo wa bahari na mchanga wenye chumvi unamalizia kazi. Ndiyo maana tumbo la ekzosi za pwani hutoboka chini, pale maji yanapotuama.

Sasa tuangalie kazi ya bomba. Wengi husema injini inataka mgandamizo wa nyuma ili ivute. Si hivyo. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa pumzi. Inachotaka ni wimbi lirudi kwa wakati wake. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba kwa kasi inayokaribia mita 500 kwa sekunde, kwa kuwa hewa ya humo ni ya moto. Likifika mahali bomba linapotanuka na kuingia kwenye tumbo la ekzosi, sehemu yake hugeuka na kurudi kama wimbi la kufyonza. Wimbi hilo likifika kwenye valvu katika ule muda mfupi ambapo valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea, ziko wazi, huvuta moshi uliobaki na kusaidia hewa mpya kuingia.

Tuchukue pikipiki ya Boxer BM150, ambayo injini yake ni ya sentimita za ujazo 144.8. Nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni kwenye mizunguko karibu 5,000 kwa dakika. Katika mwendo huo, valvu ya moshi hukaa wazi kwa takriban milisekunde 8 tu. Wimbi linalokwenda na kurudi kwenye bomba la sentimita 70 hutumia karibu milisekunde 3. Kwa hiyo urefu wa bomba, upana wake na mahali linapotanukia ni vipimo vya injini, sawa na ukubwa wa pistoni. Anayekata bomba anabadilisha injini, ajue asijue.

Historia ya mashindano ya pikipiki inathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, alichunguza mawimbi ndani ya mabomba ya injini za mipigo miwili. Kufikia mwaka 1961, injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, maajabu kwa wakati ule. Bomba lake halikuwa tupu wala wazi: lilitanuka, kisha likabanwa tena kabla ya mwisho, kwa vipimo vya makusudi. Nguvu ilitoka kwenye umbo. Kelele ilikuwa matokeo tu.

Rudi sasa kwenye mchanga wa Msimbati. Dereva ana gunia la korosho au tenga la samaki nyuma, yuko gia ya kwanza au ya pili, na injini iko chini ya kilele chake. Bomba fupi lililo wazi husogeza msaada wa wimbi kwenda kwenye mizunguko ya juu, ambako dereva wa mchangani hafiki. Chini kule pikipiki inakosa mvuto. Ili isizime, anavuta mafuta zaidi na kushikilia klachi nusu. Sahani za klachi zinasuguana, zinaungua, na mafuta yanakwisha kabla ya safari. Kwenye lami, injini ikiachiwa izunguke sana, bomba hilo linaweza kuonekana jepesi. Lakini riziki ya dereva wa huku haiko kwenye lami peke yake.

Hasara ya pili iko kwenye kabureta. Jeti zake zilipimwa zikiwa na ekzosi ya kiwandani. Moshi ukitoka kirahisi zaidi bila jeti kurekebishwa, mchanganyiko unaweza kupungukiwa na petroli ukaungua kwa joto kali. Fungua plagi uitazame: rangi ya kahawia ni heri, weupe mkavu ni onyo. Mlipuko unaosikika dereva anapoachia mafuta ni dalili ya mchanganyiko mwepesi, au hewa inayopenya pale bomba linapofungwa kwenye injini. Kuna pia wanaozima na kuwasha swichi wakiwa kwenye mwendo ili pikipiki ilie kama risasi. Wanachofanya ni kuingiza petroli mbichi kwenye bomba la moto ilipukie humo. Mshtuko huo hutesa gasketi, kuta za ndani ya ekzosi na valvu yenyewe.

Masikio nayo yana kikomo. Wataalamu wa afya kazini huweka desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Dereva anashinda juu ya bomba hilo kutwa nzima, na vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, vina wagonjwa, wazee na watoto wachanga. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kinga dhidi ya kelele ni haki yao.

Ekzosi iliyotoboka hutengenezwa hivi. Ifunguliwe kabisa kutoka kwenye pikipiki, kwa sababu kuchomelea ikiwa imefungwa kunaweza kuua CDI, kifaa kinachoendesha cheche ya plagi. Fundi akate tumbo kwenye mshono, akung'ute kutu, apime kuta na vibomba vya ndani kabla ya kugusa chochote, kisha avirudishe palepale. Bati la mabati lisitumike kama kiraka, maana zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu kwa fundi. Bomba la mbele lisifupishwe, na uchomeleaji usiache vinundu ndani. Gasketi ya kwenye injini iwe mpya. Kitundu kidogo cha kutolea maji chini kisizibwe. Kinga ya joto irudishwe, kwa usalama wa mguu wa abiria. Mwisho, rangi ya kuhimili moto ipakwe, na kila ukitoka ufukweni ioshwe kwa maji baridi ikishapoa.

Anayebisha apime mwenyewe. Jaza tangi, beba mzigo uleule, pita njia ileile ya mchanga kwa ekzosi nzima na kwa bomba tupu, kisha ujaze tena na ulinganishe lita. Ndugu zangu madereva wa Mtwara, kabla ya kumlipa fundi akate, mlipeni azibe. Ekzosi iliyotengenezwa vizuri itawavusha mchangani na mzigo wenu.