Mafundi wa Manyoya Kumi na Sita

Maghorofa ya Crescent Town, mashariki mwa Toronto karibu na stesheni ya Victoria Park, yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenye ardhi iliyowahi kuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la familia ya Massey. Leo wakazi wake wengi wana asili ya Bangladesh, nchi ambako msimu wa baridi ukiingia vijana huchora mistari kwenye kiwanja chochote kilicho wazi, wakafunga wavu, wakatundika taa na kucheza mpira wa vinyoya mpaka usiku. Toronto msimu huohuo ni wa theluji, kwa hiyo mchezo huingia ukumbini.

Wanaosimulia chimbuko lake huanza na Waingereza. Maofisa wa jeshi huko Pune, India, waliuwekea kanuni katika miaka ya 1870. Jina la Badminton likatoka kwenye jumba la kifahari la ukoo wa Beaufort, Gloucestershire. Chama cha Uingereza kiliundwa mwaka 1893, mashindano ya All England yakaanza 1899, na mwaka 1934 Kanada ikawa miongoni mwa wanachama tisa walioanzisha shirikisho la kimataifa.

Yote hayo ni kweli. Ila kuna mtu anayerukwa katika simulizi hiyo, naye ndiye anayestahili sifa ya kwanza: fundi wa kinyoya.

Karne nyingi kabla ya wavu na kanuni, watu wa Asia na Ulaya walishindana kukipiga kinyoya kisianguke chini. Kifaa kilitangulia, mchezo ukakifuata.

Na kifaa chenyewe si mchezo. Huko Uluberia, karibu na Kolkata, mafundi hukitengeneza katika karakana ndogo kwa manyoya ya bata. Manyoya huoshwa, hukaushwa, kisha hupangwa kwa jicho: la bawa la kushoto halichanganywi na la bawa la kulia, kwa sababu yote yakipinda upande mmoja ndipo kinyoya huzunguka sawasawa kikiwa hewani. Huchaguliwa manyoya 16 yaliyolingana, hukatwa kwa umbo moja, hupachikwa kwenye tundu za kizibo kilichotoka kwenye gome la mti, hufungwa kwa uzi na kupakwa gundi. Kikikamilika hakitakiwi kupungua gramu 4.74 wala kuzidi 5.50. Mkono ukikosea kidogo tu kwenye unyoya mmoja, kitayumba. Hakuna kazi ya mikono katika michezo inayodai utulivu kuliko hii, na ajabu ni kwamba huenda kikavunjika kabla seti haijaisha.

Bado kuna mtihani. Mchezaji husimama kwenye mstari wa nyuma na kukipiga kwa nguvu zake zote kutoka chini kwenda juu. Kinapaswa kuanguka kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Ndiyo maana vinyoya huuzwa kwa madaraja ya kasi. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kinyoya kinachotua vizuri Toronto kitapitiliza kikipigwa huko, na wachezaji wa Nairobi huhitaji cha daraja la polepole zaidi.