Mswada na Mlango wa Msomaji

Mswada wa filamu hauna heshima ya kitabu. Hausomwi kwa starehe. Husomwa na mtayarishaji mwenye shughuli nyingi, anayetafuta sababu ya kuuweka chini. Vijana wa Handeni na Korogwe wanaopanda basi la Dar es Salaam na bahasha nene kwapani wanastahili kuambiwa hilo kabla ya kulipa nauli.

Kasoro ya miswada mingi ya wanaoanza si lugha. Lugha wanayo, tena tamu. Kasoro ni kusimulia pasipo kuonyesha: kurasa nzima za habari za ukoo kabla mtu hajafungua mlango. Huzuni iliyotajwa tu haipigwi picha. Hupigwa picha sahani ya chakula isiyoguswa.

Dawa iko kwao. *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa upya mwaka 1962, inamfuata Mbega tangu nchi ya Ngulu, upande wa Handeni ya zamani, hadi Vuga, katika milima iliyo juu ya Mombo ya Korogwe. Mbega ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Ndugu wanamnyima urithi, anaondoka na mbwa wake, anawapa wenyeji nyama ya mawindo, anaua simba, anapewa utawala. Kila tendo laonekana, na kila tendo lazaa jingine. Muhtasari wa namna hiyo watosha ukurasa 1, na ndio wa kutangulizwa. Mswada kamili ungoje kuombwa.

Hata kazi njema husubiri. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999. Filamu yake, aliyoiongoza Amil Shivji, ilionyeshwa mwaka 2021. Hiyo ni miaka 22, nacho ni kitabu kilichokwisha kupendwa. Tena filamu nyingi za Bongo zilipigwa kwa kisa kilichoafikiwa mdomoni, waigizaji wakijitungia maneno. Mswada haukuwa na msomaji hata mmoja.

Basi asiyejulikana aandike kisa cha watu 3 na nyumba 1, kinachoweza kupigwa Segera au Mkata. Awape majirani wakisome kwa sauti, asikie wapi ulimi unakwama. Filamu ya dakika 10 yaweza kufika Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanza kufanyika mwaka 1998, ambako kurasa 100 zisizosomwa hazifiki. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini sharti kwanza acheze.