Uhakiki wa Dhana ya Mungu wa Kike katika Ngoma za Unyago za Wanawake wa Kiluguru

Wahakiki kadhaa wa ngoma za mduara, hasa wanaoufuata mkabala wa Marija Gimbutas (1989), huuona mduara wa wanawake kuwa masalia ya ibada ya kale ya mungu wa kike. Mkabala huo ulijengwa juu ya sanamu na vyombo vilivyofukuliwa Ulaya. Uhakiki huu unahoji iwapo unaweza kuhamishiwa katika Milima ya Uluguru.

Hoja ya kuuhamisha ina mvuto, wala haifai kubezwa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na jina la tawi la ukoo, tombo, ndilo jina la titi. Kwa majirani zao Wazaramo, Swantz (1970) ameeleza namna mti wa mkole unavyobeba maana ya damu na uzazi katika unyago wa wasichana. Titi, mti, damu, mwali katikati ya duara: mhakiki mwenye haraka amekwisha kumpata mungu wake.

Hata hivyo, kufuata ukoo wa mama si sawa na kutawaliwa na mama. Mamlaka ya ukoo mara nyingi yamekuwa mikononi mwa mjomba. Lugha nayo inapinga. Mulungu, kama alivyo Mungu katika Kiswahili, hatenganishwi na ngeli kuwa mke au mume. Maneno “wa kike” ni nyongeza ya mhakiki. Na Kolelo, pango mashuhuri la Uluguru ambako watu walikwenda kuomba mvua na mavuno, huhusishwa na nyoka, si na mama.

Ushahidi mzito zaidi ni mwanahiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na matiti, kisicho na mikono wala miguu, kinachojulikana kwa Wazaramo, Wakwere na Waluguru. Kwa umbo lake kinafanana mno na sanamu za Gimbutas. Lakini jina lenyewe laanza na mwana, yaani mtoto. Mwali hukitunza kama mtoto wake, hakipigii magoti. Anayewekwa katika nafasi ya mama ni msichana huyo, na wanaomzunguka wakicheza ni wale waliokwisha kuipita nafasi hiyo. Ukisoma mwanahiti kama mungu, unamwondoa mwali katikati ya duara na kuweka sanamu mahali pake.

Upotoshaji huo una gharama. Wengi wa wachezaji hao ni Wakatoliki au Waislamu, na hawaoni kwamba unyago unawatoa katika dini zao. Tasnifu inayouita mchezo wao ibada, ikiwekwa katika hifadhi iliyo wazi kwa kila msomaji, inawabandika ushirikina mbele ya padri, shehe na watoto wao. Kwa hiyo mtahini ana haki ya kumwuliza mtahiniwa si tu alitumia nadharia gani, bali pia kungwi alikubali wimbo upi uandikwe, na upi ubaki ndani.