Mwanga wa Buluu na Kikombe cha Shangazi

Kitabu cha Ève Curie kuhusu mama yake, Madame Curie (1937), nilikisoma kwenye basi la Musoma kwenda Mwanza. Sikupanga iwe hivyo. Tulipofika Bunda akapanda shangazi yangu, nikamsindikiza kwenye mionzi. Ana saratani ya mlango wa kizazi.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Marie na Pierre wanatangaza radiamu mwaka 1898, kisha wanahangaika na tani za mabaki ya mawe ya urani kwenye banda linalovuja jijini Paris. Mwaka 1902 Marie anapata sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku mmoja wanarudi bandani kutazama elementi yao iking'aa buluu gizani. Ève anaiandika radiamu kama ndugu yake aliyemtangulia kuzaliwa. Ni ukurasa mzuri mno, na hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanzia.

Siyo kwamba hatari imefichwa. Tunaoneshwa vidole vilivyoungua, Pierre akijiunguza mkono makusudi ili afuatilie kidonda, na Marie akifa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na miaka yake ya kazi na radiamu. Lakini hatari hiyo yote imevalishwa joho la kujitolea. Anayeungua ni mwanasayansi, na kachagua mwenyewe.

Asiyechagua je? Mawe yale yalitoka migodi ya Joachimsthal. Miaka ya 1920 Shinkolobwe, kule Katanga, ikaliteka soko la radiamu. Baadaye urani yake ikaingia kwenye bomu la Hiroshima, jambo ambalo Ève asingeweza kulijua. Sisi watu wa Mara migodi tunaifahamu: dhahabu inasifiwa, mchimbaji anasahaulika. Katika kurasa hizi sikumkuta hata mchimbaji mmoja mwenye jina.

Shangazi naye alimaliza wiki zake za matibabu, akarudi Bunda. Majirani wakamtengea kikombe. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nikimpakata mjukuu si nitamuunguza?"

Hakuna aliyemweleza kwamba mionzi ya kupigwa kutoka nje haibaki mwilini. Ukitoka chumbani umeiacha humohumo. Hakuna aliyemwambia kuwa mionzi inaweza kuleta saratani, na ikipimwa na kulengwa vizuri inaiua saratani hiyohiyo. Alipewa neno moja tu, "mionzi", akaachiwa hofu aijazie mwenyewe.

Ndiyo maana nakitaka kitabu hiki kwa Kiswahili, kasoro zake zote zikiwemo. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alifundisha baiolojia Tabora kabla ya kuzama kwenye siasa, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar ikachapishwa. Lugha iliyombeba Kaizari itashindwaje kubeba jibu la swali la shangazi?

Kisomeni. Ila mkifika kwenye ule mwanga wa buluu, msiutazame tu. Ulizeni nani kachimba, na nani hajaelezwa.

Shangazi nimemweleza mwenyewe, mara mbili, na mjukuu sasa anapakatwa. Kile kikombe bado kiko peke yake kabatini.