Maleba na Mwili Unaocheza

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, wengi wetu tumezoea kuusikiliza wimbo, kuutazama mwendo na kuyapima maneno. Maleba huachwa mlangoni pamoja na viatu vya wageni. Yakitajwa, husemwa tu kwamba yalipendeza au hayakupendeza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hukumu ya namna hiyo haitoshi. Maleba hushonwa kwa ajili ya mwili unaocheza, na mwili huo ndio unaostahili kuulizwa kwanza kama yanafaa. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.

Mfano tutakaoutumia ni bale, ile dansi ya jukwaani ya Ulaya ambayo husimulia kisa kwa mwili pasipo maneno. Tumeichagua kwa kuwa historia yake imeandikwa kwa karne kadhaa, na ndani yake twaweza kuona waziwazi jinsi kila badiliko la nguo lilivyofungua mlango wa mwendo au kuufunga.

Bale ilikulia katika majumba ya wafalme. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661, na wachezaji wa zama hizo walivaa kama makabaila waliowatazama: nguo nzito za darizi, sketi zilizotanuliwa kwa pete za ndani, nywele za bandia na vinyago usoni. Mwili ulikuwa kigingi cha kutundikia utajiri. Marie Camargo, aliyeanza kucheza Paris mwaka 1726, aliifupisha sketi yake ili hadhira iione kazi ya nyayo zake. Badiliko lilikuwa dogo kwa kipimo cha mkasi, lakini tangu hapo mguu wa mchezaji wa kike ukapata haki ya kusema. Mwaka 1760 mtunzi wa dansi Jean-Georges Noverre alichapisha barua za uhakiki akidai vinyago viondolewe na nguo zipunguzwe uzito, kwani uso uliofunikwa hauwezi kusimulia huzuni wala furaha. Noverre alikwisha kuliona jambo ambalo wahakiki wengi bado hawalioni: kwamba fundi wa nguo anaweza kumnyamazisha mchezaji kabla ngoma haijaanza.

Mwaka 1832 Marie Taglioni alipanda jukwaa la Opera ya Paris katika bale ya La Sylphide, akiwa amevaa sketi nyeupe yenye umbo la kengele, ya kitambaa chepesi kama melimeli. Alicheza kiumbe wa hewani, na nguo ile ilimsaidia kuonekana kana kwamba hana uzito. Mwanga wa taa za gesi ulipenya katika matabaka ya kitambaa, nayo yakang'aa kama ukungu wa alfajiri. Kwa muda mrefu baadaye, weupe ule ukawa ndio sura ya bale.

Lakini kitambaa kile kile kilikuwa kuni kavu mbele ya taa zile zile. Serikali ya Ufaransa iliagiza mwaka 1859 kwamba nguo za jukwaani zitiwe dawa ya kuzuia moto. Dawa hiyo ilikifanya kitambaa kiwe kigumu na kupoteza weupe wake. Emma Livry, kijana aliyetazamiwa kurithi nafasi ya Taglioni, alikataa kuivaa nguo yenye dawa. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi. Aliteseka kwa miezi minane, akafariki Julai 1863, hajatimiza umri wa miaka 21.

Ni rahisi kumlaumu marehemu kwa ukaidi. Mhakiki hana budi kuuliza zaidi ya hapo. Ni nani aliyemfundisha binti yule kwamba weupe wa sketi una thamani kuliko ngozi yake? Ni jicho la hadhira, lililozoea kupendezwa na nguo bila kumfikiria aliyemo ndani yake. Kila mtazamaji aliyesifu ukungu ule mweupe, naye asiulize ulikuwa karibu kiasi gani na moto, alikuwa na fungu lake katika msiba.

Sasa tuingie katika chumba cha fundi, maana huko ndiko uzuri wa kweli wa maleba unakofanywa. Sketi fupi ya bale, iliyotandazwa kiunoni kama sahani, huitwa tutu. Huundwa kwa matabaka mengi ya kitambaa cha wavu, mara nyingi 10 au zaidi. Kila tabaka hukunjwa marinda kwa mkono na kushonewa kwenye chupi maalumu. Yaliyo chini huwa mafupi, na urefu huongezeka kadiri yanavyopanda juu. Kisha fundi huyafunga kwa mishono iliyolegea, ili yasitawanyike wala yasigande pamoja. Kizibao cha juu hukatwa vipande vingi vyembamba na kuungwa kwa kuufuata mwili, kwa kuwa mchezaji lazima apumue, ainame na kuinuliwa na mwenzake. Nyuma hufungwa kwa kulabu na vitanzi. Zipu ikikwama au kupasuka, onyesho limeharibika, na safu za vitanzi humwezesha fundi kuipunguza au kuiongeza nguo ili ivaliwe na mwingine.

Bingwa wa kazi hii katika karne ya 20 alikuwa Barbara Karinska, mzaliwa wa mji wa Kharkiv, aliyefanya kazi Paris na London kabla ya kuhamia New York. Tutu za zamani zilitandazwa kwa pete ya waya. Wachezaji wengi wakisimama karibu karibu, pete zao hugongana na sketi kuinuka upande mmoja kama meza iliyoelemewa. Kwa ajili ya bale ya Symphony in C ya George Balanchine, Karinska alishona mwaka 1950 tutu isiyo na waya, yenye matabaka machache yaliyoshikizwa pamoja, laini kama sufi. Vizibao vyake pia alivikata kitambaa mshazari, ili kivutike pamoja na mbavu za anayepumua. Mtazamaji aliyekaa mbali hakuuona ustadi huo. Aliuona mwendo tu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa anayoweza kupewa fundi wa maleba.

Vazi la kichwani nalo lina sheria yake. Taji la bale hujengwa juu ya waya mwembamba, likavikwa wavu, mawe ya kung'aa au manyoya, kisha likabanwa kwenye nywele kwa pini. Likiwa zito, shingo huchoka. Likilegea kidogo tu, mchezaji azungukapo kwa kasi huliona likimtoroka. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Mchongaji wa Kimakonde anapochonga sanamu ya kuwekwa chini huchagua mpingo, mti mgumu na mzito. Anapochonga kinyago cha mapiko, kivaliwacho kichwani kama chungu, huchagua mti mwepesi, kwani anajua kichwa hicho kitacheza. Huweka hata tundu la mdomo mahali ambapo mchezaji ataweza kupata njia kwa macho yake. Fundi wa Paris na fundi wa nyanda za Makonde hawakufundishwa na mwalimu mmoja. Wote wawili wamefundishwa na mwili.

Pengine msomaji atapinga kwamba maleba yaweza pia kuubana mwili kwa makusudi. Ni kweli. Katika bale ya Parade, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1917, mchoraji Pablo Picasso aliwavika wachezaji wengine majengo makubwa ya makaratasi magumu, wakawa kama matangazo ya biashara yanayotembea. Hawakuweza kuruka, waliweza kukanyaga tu kwa kishindo. Lakini ndivyo kisa kilivyotaka: walikuwa mawakala wa biashara waliomezwa na bidhaa zao. Kizuizi kile kilikuwa na maana, na kwa hiyo hakiivunji kanuni yetu. Kinachoivunja ni kizuizi kilichowekwa kwa kuwa hakuna aliyefikiri.

Liko swali jingine: mwili huo ni wa nani? Soksi ndefu na viatu vya bale vilitengenezwa kwa rangi ya waridi iliyo karibu na ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi ncha ya kidole. Mchezaji mweusi alipovivaa, mstari huo ulikatika kiunoni. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeanzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, alilitambua jambo hilo. Katika miaka ya 1970 kikundi chake kilianza kuzitia soksi na viatu rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Kanuni ya mstari mmoja haikuvunjwa; ilitimizwa kwa mara ya kwanza kwa watu ambao fundi hakuwa amewafikiria. Hata hivyo ilipasa kungoja hadi mwaka 2018 kabla kampuni ya Freed ya London kuanza kuuza viatu vya rangi ya kahawia, kwa kushirikiana na kikundi cha Ballet Black. Kabla ya hapo wachezaji wengi walivipaka viatu vyao wenyewe, jozi baada ya jozi. Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Somo hili latuhusu. Baada ya uhuru, nchi nyingi za Afrika zilizitoa ngoma uwanjani na kuzipandisha jukwaani. Guinea iliutwaa hata wasifu wa bale kwa kikundi chake cha taifa, Les Ballets Africains. Nasi tuliunda kikundi chetu cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini tumeona pia hasara yake. Katika sherehe nyingi vijana huvikwa sare moja ya kitenge kwa kila ngoma, ili wapendeze mbele ya wageni. Njuga, ambazo ni vazi na ala kwa wakati mmoja, huachwa kwa sababu ni nzito kubeba. Nguo ifungwayo kiunoni ili ioneshe mtikisiko hugeuzwa gauni refu linaloufunika. Mwendo umebaki, sauti yake na sura yake zimekwenda.

Basi mwalimu anapoandaa ngoma ya shule, na mwanafunzi anapoihakiki, waanze na maswali matatu. Je, nguo hii inakiacha huru kiungo ambacho ngoma yenyewe inakitegemea? Je, imekatwa kwa kumfikiria huyu anayeivaa, au kwa kumfikiria mtu mwingine? Je, inamlinda, au inamwumiza ili sisi tufurahi? Majibu yatafutwe wakati wa mazoezi, mchezaji akiwa ameivaa nguo na kutokwa na jasho, wala si siku ya picha. Fundi naye aalikwe akae hapo na uzi wake, aone goti linavyokunjwa kabla hajakata kitambaa.