Rubani wa Mezani, Hesabu Chipu Usihesabu GB

Juzi hapa Murusagamba kijana mmoja aliita watu waje waone kompyuta yake. Alikuwa ametumiwa kadi ya picha kutoka Dar es Salaam, GT 730 ya GB 4, na wenzake wakawa wanaisifu kwa sauti kwamba sasa ndege inaruka kama ya kweli. Nikatazama kioo. Cessna 172 ilikuwa inaitafuta Kigali, na kila rubani wetu alipogeuza macho kushoto, dunia ilisimama, ikatafakari, kisha ikaja yote kwa mkupuo. "GB nne hizo, fundi!" akaniambia. Nikaendelea na chai yangu. Sikutaka kumharibia siku mtoto wa watu, lakini sifa za namna hii ndizo zinazowapa wauzaji moyo wa kuendelea kutuletea takataka, na nimechoka kuzisikia.

Tuanze na mashine. Huku Ngara na Biharamulo wengi wetu tunarusha ndege kwenye Dell OptiPlex ya mtumba, 7010 au 9020, iliyokwisha kutumikia ofisi ya watu kabla ya kufika Kariakoo. Kama yako ni ile nyembamba, SFF, pawasapulai yake ni wati 240 kwenye 7010 na 255 kwenye 9020, haina waya wa pini sita, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Ya mnara ina wati 275 au 290, na waya wa pini sita pia usiutegemee. Kwa hiyo kadi yako itakula umeme wa sloti peke yake, wati 75, basi. Wapo mafundi wanaokuuzia kiunganishi cha kuvuta umeme kutoka waya wa SATA. Nimefungua mashine zilizoungua kwa ujanja huo, na harufu yake haitoki chumbani upesi.

Na umeme wenyewe tunaujua. Maporomoko ya Rusumo yako wilayani kwetu Ngara, mtambo wake wa megawati 80 unagawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini mwisho wa laini kijijini jioni taa bado zinapanda na kushuka. Stebilaiza kwanza, kadi baadaye. Hilo sijadiliani na mtu.

Swali la pili ni unarusha nini. Mtu anayerusha FSX, yaani Flight Simulator X ya Microsoft, asinisumbue kabisa. Programu ile ya 2006 inaitegemea prosesa, tena kiini kimoja chake, na ukiiwekea kadi ya bei ya ng'ombe wawili itakupa fremu zilezile. Mwenye FlightGear, ambayo ni ya bure, naye asikimbilie dukani kabla hajapunguza miti na mawingu kwenye mipangilio. Microsoft Flight Simulator ya 2020 inadai nafasi ya GB 150 kwenye diski na intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa uchache, maana ardhi yake inashuka kutoka mtandaoni wakati unaruka. Kwa bando la huku, hiyo ni starehe ya mwisho wa mwezi. Anayebaki ni mtu wa X-Plane 11, ambayo tangu toleo la 11.50 la mwaka 2020 inatumia Vulkan, njia ya programu kuongea na kadi, na inajua kuibana kadi. Huyo ndiye ninayeongea naye.

(FSX nilikuwa naipenda. DVD mbili, unaweka, unasubiri, unaruka. Hakuna akaunti, hakuna masasisho ya GB 20 usiku wa manane. Na kabla yake ile ya 2003, iliyokuja na ndege za ndugu Wright na DC-3. Watoto wa sasa hawajawahi kuruka DC-3 kwa dira na saa tu, ndiyo maana wanadhani urubani ni mwanga wa jua kwenye maji.)

Sasa kitu ambacho mgeni wa mambo haya hakioni kamwe. Kwenye boksi ameandikiwa GB 4, naye anaishia hapo. Haulizi GB hizo ni za aina gani na zinapitia njia ya upana gani. Katika gemu la mpira uwanja ni uleule dakika zote tisini: kadi inaupakia mara moja na kutulia. Ndege haina uwanja. Chini yako kila sekunde kuna kilima kipya, mto mpya, mabati mapya, na ukigeuza kichwa tu, kila ulichokuwa hukioni kinatakiwa sasa hivi. GB nyingi zenye njia nyembamba ni ghala kubwa lenye mlango wa paka.

Hesabu yake haihitaji shahada. Chukua upana wa njia kwa biti, zidisha kwa kasi ya kumbukumbu, gawa kwa nane. GTX 1050 Ti ina biti 128 na GDDR5 ya gigabiti 7: inapitisha GB 112 kwa sekunde. GTX 1060 ya GB 6 ina biti 192, inafika GB 192. RX 580 yenye biti 256 inafika 256. Ile GT 730 ya GB 4 iliyosifiwa? Toleo la DDR3 lenye biti 64 linapitisha GB 14.4. Rudia kuisoma namba hiyo. 1050 Ti na GT 730 hiyo zote zina GB 4, na ya kwanza inabeba karibu mara nane ya mwenzake, lakini kwenye tangazo la muuzaji zimesimama bega kwa bega.

Namba hizi unazisomaje kwenye kadi ya mtumba isiyo na boksi, iliyobandikwa stika ya mtu? Fundi aliyenifundisha kazi hii Mwanza hakuwahi kusoma stika. Alikuwa na tochi ndogo na kioo cha kukuzia cha fundi saa. Kadi ikiletwa aliigeuza, akaimulika kwa ubavuni chini ya feni, akaanza kuhesabu chipu za kumbukumbu zilizoizunguka chipu kubwa, midomo ikicheza kama anasoma dua. Kila chipu ya GDDR5 ina njia ya biti 32: nne ni biti 128, sita ni 192, nane ni 256. Chipu ya DDR3 kwa kawaida ina biti 16, kwa hiyo nne zake ni 64 tu. Kisha alisoma herufi za mwanzo. Samsung inayoanza na K4G ni GDDR5. Ikianza na K4W ni DDR3. Hynix ikianza na H5GQ au H5GC ni nzuri, ikianza na H5TQ ni DDR3, na hapo alikuwa anairudisha mezani bila neno. Mwenye kadi akianza kujieleza, mzee anauliza, "Mwingine nani?"

Niliwahi kumwona mjanja mmoja akiletewa dawa yake. Alikuja na kadi inayojiita GTX 1050 Ti, Windows nayo inasema 1050 Ti, bei ya kutupa. Mzee akahesabu: sita. 1050 Ti halisi ina nne. Ile ilikuwa GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyochakachuliwa BIOS, ikavishwa jina la mjukuu wake. Nyuma ilikuwa na tundu la VGA, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi, kwa sababu kizazi cha GTX 10 hakitoi tena mawimbi ya analogi. Kadi za namna hiyo huwaka vizuri dukani. Siku unapoweka draiva mpya, kioo kinakuwa cheusi. Tangu toleo la 2.12.0 la mwaka 2018, programu ya GPU-Z inazitambua nyingi kati yake na kuliandikia jina neno FAKE. Ni ya bure na ni ndogo. Asiyekuwa nayo kwenye flashi hastahili kuitwa fundi.

Lakini tusiwalaumu vijana wa Kariakoo peke yao, kwa sababu wapo wanaodanganya kwa leseni. NVIDIA waliitoa GT 1030 mwaka 2017 ikiwa na GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, jina lilelile, yenye DDR4 inayopitisha GB 16.8. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguzwa kumbukumbu tu: ina viini 1152, wakati ile ya GB 6 ina 1280. AMD nao wana RX 580 2048SP iliyotolewa kwa soko la China, ambayo kwa viini ni RX 570 iliyovaa shati la kaka yake. Na RX 6500 XT ya 2022 ina mistari minne tu ya PCIe. Kwenye mashine mpya inavumilika. Kwenye sloti ya 9020, ambayo ni PCIe 3.0, mwendo unakuwa nusu, na GB zake 4 zikijaa angani unakwama hapohapo ulipo.

Kuijaribu kadi kuna adabu yake. Usinionyeshe wastani wa fremu. Tangu Scott Wasson wa Tech Report alipoandika mwaka 2011 kuhusu kupima muda wa kila fremu, mtu mzima hana sababu ya kujisifia wastani. Fremu 30 kwa sekunde ni milisekunde 33 kwa kila fremu. Zikija zote sawasawa, unatua vizuri. Kadi yenye wastani wa 45 inayotupa fremu moja ya milisekunde 200 katikati ya kona ya mwisho itakuangusha. Wala usijaribu kwa kuruka Bukoba. Bukoba inasamehe: upande mmoja ziwa tupu, maji hayana kazi ngumu kwa mipangilio ya chini. Nenda Kigali. Ingia njia ya kutua ya 28, geuka kona ya chini juu ya vilima vilivyojaa nyumba, na katikati ya kona tazama dirisha la kushoto, kisha kulia, kisha mbele. Kama macho yako yamefika kabla ya picha, kadi imefeli, hata ikipata fremu 100 ikiwa imeegeshwa.

Mengine ni mafupi. Kadi yenye taa za rangi ni ya kuonyesha wageni. Feni mbili ni bora kuliko moja, na ukiuliza kwa nini, basi hujawahi kusafisha vumbi la kiangazi cha huku. Zilizochimba sarafu sizikimbii. Baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022 zilijaa sokoni, na nyingi zilifanya kazi kwa mwendo mmoja bila kupandishwa na kushushwa joto kila saa. Uliza tu kama BIOS yake imerudishwa ya kiwandani, na uisikilize feni.

Kwa hiyo mwenye OptiPlex atafute GTX 1650 isiyo na tundu la pini sita, na kama anaipata ya GDDR6 badala ya GDDR5 aongeze hela bila kunung'unika, maana inatoka GB 128 kwa sekunde kwenda 192. Mwenye uwezo kidogo zaidi achukue RTX 3050 ya GB 6: njia yake ni biti 96 na jina kalirithi tu, lakini inakula wati 70 na hakuna ya sloti iliyonifurahisha zaidi. 1050 Ti halisi bado ni kadi ya heshima. Aliyebadilisha pawasapulai aende moja kwa moja kwenye GTX 1660 Super au RX 6600, asipoteze muda njiani. Chini ya GB 100 kwa sekunde usinunue chochote cha X-Plane, ni bora usubiri msimu ujao wa kahawa.

Na kabla hujatuma hela kwa simu, mwambie muuzaji akupigie video akiwa amefungua GPU-Z: isomeke aina ya kumbukumbu, isomeke upana wa njia, kisha azime mashine, atoe kadi na amulike chipu kwa tochi uzihesabu mwenyewe. Akisema mteja wewe una maneno mengi, kata simu utafute mwingine.