Muuaji wa Nyikani: Taharuki ya Riwaya ya Safari Isomwapo kutoka Amukura

Utangulizi

Riwaya ya safari ya hatari hujengwa juu ya mpango mwepesi: kuna wanaokwenda, na kuna wanaowafuata ili wawaue. Msomaji huwekwa upande wa wanaokwenda. Huona wanachokiona na huogopa wanachokiogopa. Makala haya yanachunguza mpango huo katika riwaya ya H. Rider Haggard, Allan Quatermain, iliyotoka mwaka 1887, ambayo sehemu yake ya kwanza hutokea katika nchi ambayo leo ni Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa la riwaya hii si kubuni hatari isiyokuwapo. Hatari ilikuwapo. Kosa lake ni kumnyima muuaji sababu, na kwa kufanya hivyo ikaipunguzia nguvu taharuki yake yenyewe.

Amukura imechaguliwa kuwa mahali pa kuisomea riwaya hii kwa sababu maalumu. Iko kati ya Busia na Malaba, upande wa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wateso, na jamaa zao wako pia ng'ambo ya mpaka, Tororo na kwingineko Uganda. Ni nchi ya wimbi, mtama na mihogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini ililazimika kuvuka ukanda huu wa kati ya Mumias na Busoga. Kwa hiyo msomaji wa Amukura hayuko ndani ya msafara. Yuko nyumbani, na msafara ndio unaompitia.

Mbinu ya Kuvizia

Allan Quatermain, Sir Henry Curtis na Captain Good wanaanza safari Lamu, wakiwa na Umslopogaas, shujaa wa Kizulu, na askari wa Kikwavi waliowaajiri hapo pwani. Wanapanda Mto Tana kwa mitumbwi. Usiku Wamasai wanawavizia, na mmoja wa askari anauawa ndani ya mtumbwi. Baadaye wanafika katika misheni ya Mackenzie, penye ukuta imara na bustani ya maua. Binti wa mmishenari, Flossie, anatekwa alipotoka kutafuta ua. Wamasai wanataka uhai wa mmoja wa wageni badala ya mtoto, na Quatermain anajitoa. Hatimaye wageni na watu wa misheni wanaishambulia kambi ya Wamasai alfajiri.

Kifani, sehemu hii imesukwa kwa ustadi. Giza, maji, ukimya na ukuta vinapokezana ili msomaji asipate pumzi. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unamfungia msomaji katika macho ya mtu mmoja. Hata hivyo, macho hayo yana mipaka. Mmasai anaelezwa kwa urefu: mkuki wake, ngao yake, mapambo yake ya kichwani. Anaonekana kila mahali kwa nje na hapenywi popote kwa ndani. Pendekezo la kubadilishana uhai linaonyesha wazi kwamba wapiganaji hawa wana hoja na wana hesabu. Msimulizi analitumia kuonyesha ushujaa wake, kisha haulizi zaidi.

Pengine itasemwa kwamba riwaya ya kutisha haihitaji sababu, na kwamba tishio lisilojulikana hutisha zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimhusu Haggard. Muuaji wake si mtu asiyejulikana. Anajulikana mno kwa sura. Asiyejulikana huacha swali moyoni mwa msomaji. Asiye na sababu huacha idadi ya maiti tu. Ndiyo maana vita vya alfajiri, pamoja na kishindo chake chote, vinatatua jambo la nguvu peke yake. Hakuna mgongano wa nia uliofikia kilele.

Ubaguzi huu wa usimulizi hauwagusi maadui tu. Umslopogaas amepewa fahari, huzuni na kumbukumbu. Hata shoka lake, Inkosi-kaas, lina jina. Askari aliyekufa mtumbwini anapita kama mmoja wa idadi. Mwafrika anapata nafsi anapokuwa shujaa wa kipekee, na anaipoteza anapokuwa mtu wa kawaida aliyeajiriwa.

Chanzo na Uteuzi

Haggard alikuwa ameishi Afrika Kusini, lakini alipoiandika riwaya hii hakuwa amefika Afrika Mashariki. Habari za Umasaini alizipata hasa katika kitabu cha Joseph Thomson, Through Masai Land, cha 1885, na mwenyewe alikiri deni hilo. Thomson alisafiri mwaka 1883 na 1884. Katika safari hiyo alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliyeijua njia tangu hapo. Alilipa hongo, akajadiliana, akavuka Umasaini bila kupigana vita nao. Akaingia Kavirondo, na Desemba 1883 akafika ukingo wa Ziwa Viktoria. Huku magharibi alikuta nchi yenye watu wengi, mashamba na chakula tele.

Haggard alichagua hofu ya Umasaini, akaacha majadiliano, hongo na mashamba. Uteuzi huo ndio uliozaa nyika tupu ya riwaya. Baada ya Tana na misheni, wasafiri hatimaye wanachukuliwa na mto upitao chini ya ardhi hadi Zu-Vendis, nchi ya kubuni yenye watu weupe. Nchi ambayo Amukura ni sehemu yake haimo. Imerukwa kwa sababu kuwapo kwa majirani wenye ghala za nafaka kungeliharibu wazo la nyika.

Kifo cha Busoga

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba hofu hiyo ilikuwa uzushi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifuata njia hiyo ya Umasaini. Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, aliuacha msafara mkubwa akaendelea na watu wapatao 50. Alikamatwa Busoga, na tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Karibu wapagazi wake wote waliuawa pia. Msomaji wa Uingereza wa 1887 aliipokea riwaya ya Haggard akiwa tayari na habari hizo.

Lakini muuaji wa Busoga hakuwa nyika. Ilikuwa dola, yenye baraza, wajumbe na hofu zake. Buganda iliuogopa mlango wa mashariki. Iliaminiwa kwamba watakaoitwaa nchi wangetokea huko. Mwaka uo huo Wajerumani walikuwa wakitwaa ardhi upande wa pwani. Kumwelewa aliyetoa amri si kumwondolea hatia ya damu. Ni kuyapa mauaji uzito wake. Kisa hiki chenye sababu kinatisha kuliko kile cha Tana, kwa kuwa kila upande unakwenda kwenye msiba ukiwa na akili zake timamu. Wala pengo la riwaya halikuzibwa na historia: askofu anakumbukwa kwa jina, na wengi waliokufa pamoja naye wanakumbukwa kwa idadi.

Urithi wa Mbinu

Haggard aliingia katika Kiswahili mapema. Frederick Johnson aliitafsiri riwaya yake nyingine kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929. Baadaye watunzi wa Afrika Mashariki waliichukua taharuki ya kuwindana wakaipa mantiki nyingine. Katika The Bushtrackers (1979) ya Meja Mwangi, wauaji wa porini ni majangili, na biashara ya pembe inayowalisha ina mabwana wake mjini. Katika Kufa na Kupona (1974) ya A. E. Musiba, muuaji ana mwajiri na lengo la kisiasa. Watunzi hawa wamemrudishia muuaji sababu, na taharuki haikupungua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba suala la haki kwa wahusika na suala la ubora wa fani si mambo mawili katika riwaya ya aina hii. Pale Haggard anapomfunga Mmasai mdomo, ndipo pia hadithi yake inapogeuka kuwa hesabu ya mikuki. Mhakiki anayefundisha riwaya za safari ana wajibu wa kumwuliza mwanafunzi swali ambalo msimulizi hakuliuliza: nani alikuwa akiutazama msafara ukipita, na alikuwa akiogopa nini? Swali hilo si geni Amukura, ambako wazazi wa wazazi waliziona safari za watu wengine zikikata mashamba yao, na kisha mpaka ukafuata.